Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Tamsin wa ghorofa ya juu, muuguzi wa zamu ya usiku,
aliniachia santuri mlangoni, ndani ya mfuko wa mkate,
na kikaratasi: "Mzee, usikatae kabla ya kugeuza upande."

Nilishakataa.
Miaka arobaini natengeneza besi za mbao hapa Bristol,
besi ndefu kunipita, zenye tumbo na kiuno,
na ngoma za Tamsin nilizijua kupitia dari tu:
du-ka-taka-du-taka, kama mtu anayeshuka ngazi
na ngazi haziishi.

Lakini Jumapili mvua ilitufungia mlimani,
gundi haijakauka, mikono haina kazi.
Nikashusha sindano.

Kwanza piano, peke yake, kama aliyeingia chumba kisicho chake
akipapasa ukuta kutafuta swichi.
Kisha ngoma zikamwagika,
dengu juu ya bati! Mia na sabini na nne kwa dakika;
nilihesabu kwa saa ya mkononi, nikapotea, nikahesabu tena.
Nikauliza chumba kitupu: hawa wanakimbizwa na nani?

Ndipo akaingia yeye. Ione Maddix, jalada linasema,
kwa herufi ndogo kuliko za kiwanda.
Hakukimbia.
Ngoma zilimpita kushoto, zikampita kulia,
naye analivuta neno moja, analivuta,
kama mwanamke aliyebeba supu ya moto
katikati ya watoto wanaofukuzana,
na tone halikumwagika.

Wanasema haraka haina baraka.
Sawa. Ila humu haraka na taratibu
wamepanga nyumba moja, wanagawana kodi.
Gonga mguu kwa ngoma, utatoka jasho;
gonga kwa besi, unatembea nusu ya mwendo,
na wimbo ni ule ule.
Nilijaribu yote mawili, mguu huu na huu,
nikamwaga chai.

Wanasema pia ngoma ikivuma sana mwisho hupasuka.
Hii imevuma dakika hamsini na mbili. Nzima.
Kilichopasuka ni sauti yake, kidogo,
kwenye neno la kurudi nyumbani, ufa mwembamba kama unywele,
na fundi wa studio, Mungu ambariki,
hakuuziba.

Nikageuza upande.
Wimbo wa kwanza sina neno nao. Wa pili una tarumbeta iliyozibwa mdomo,
inanung'unika kama kijana aliyenyimwa gari la baba.
Wa tatu,
acha nieleze polepole.
Ngoma zinanyamaza. Inabaki besi. Si ya mashine.
Mbao. Vidole. Nyuzi nne zilizochoka.
Na kwenye sol ya chini, mtetemo,
zzn, kama nyuki ndani ya kabati.

Nyuki huyo namjua.
Mwaka wa themanini na tisa Vernal Bascombe aliniletea besi yake
iliyoporomoka ngazi za baa, mtaa wa Stapleton,
tumbo limechanika karibu hadi kitako.
Niliunga, nikabana, nikapiga msasa, siku kumi na moja.
Ikaimba zote isipokuwa sol ile.
Nikamwambia, niachie wiki nyingine. Akacheka:
"Mwache nyuki. Kila Alhamisi nitampeleka malishoni."

Vernal tumemzika. Besi iliuzwa, sijui kwa nani.
Jalada halimtaji mpiga besi; lasema tu
"vipande vya zamani, kwa heshima".
Labda si yake. Mbao nyingi duniani zina ufa,
na sikio langu la kushoto lilistaafu kabla yangu.

Nimerudisha sindano mara sita.
Mara ya sita, ngoma ziliporejea juu ya nyuki yule,
na Ione akapanda juu ya zote bila maneno,
da-ba-de, da-ba,
nilijikuta nimesimama katikati ya karakana
nimeshika kiuno cha besi ya mteja.

Jumatatu saa moja asubuhi Tamsin alirudi, viatu mkononi,
akakuta mlango wazi, vikombe vinagongana rafuni.
"Mzee, majirani!"
Kaa hapa, nikamwambia. Vua koti. Nyamaza.
Inakuja.